Mzee aliyeumia shingo: anzeni na ngozi na mkojo, miguu itafuata

Pole sana ndugu, na mzee mpe pole zetu. Umeuliza mawili. Baba yenu alianguka na bodaboda, kaumia uti wa mgongo shingoni, anaruhusiwa wiki ijayo, mjiandae vipi. Na la pili, kuna mahali pa kumpeleka ili atembee tena? Nianze na hilo la kwanza, maana ndilo litakaloamua kama mtakuwa naye mwakani.

Baba yangu alikuwa mkwezi, huko Pangani. Mwaka 2016 aliteleza juu ya mnazi, akavunjika pingili ya 10 ya uti wa mgongo, sehemu ya kifua. Kuanzia kitovuni kwenda chini, ganzi tupu. Alipasuliwa Dar, wakamfunga vyuma, tukarudi naye nyumbani na bahasha ya dawa na hofu. Hofu ile ndiyo iliyomuumiza mara ya pili. Tuliogopa kumgusa tusije tukamvunja zaidi, basi tukamwacha chali kutwa kucha, na akisinzia tunafurahi kwamba mzee kapumzika. Siku ya tisa mama akasikia harufu. Kumgeuza, kwenye kifandugu kuna shimo la kutosha yai la kuku. Lilichukua miezi saba kufunga.

Wewe na mimi tukilala tunajigeuza bila kujua, kwa sababu mwili unalalamika. Wa mzee haulalamiki tena. Damu inabanwa kati ya mfupa na godoro, nyama inakufa kimyakimya. Kwa hiyo geuzeni kila baada ya saa 2, usiku pia: ubavu huu, ubavu ule, chali. Sisi tuliweka kengele ya simu na tukashona mito ya usufi, mmoja kati ya magoti, mmoja mgongoni, mmoja chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Asubuhi na jioni mkagueni kwa tochi: kifandugu, nyonga, visigino, vifundo, viwiko, kisogo. Utaambiwa utafute wekundu. Ngozi nyeusi kama yetu wekundu hauonekani vizuri, tafuta palipoiva weusi au zambarau, penye joto au pagumu kuliko pembeni. Ukipaona, asipalalie hata kidogo mpaka parudi kawaida. Na akianza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, mwinamisheni mbele au pembeni kila dakika 15 hadi 30.

Sasa jambo ambalo baba yangu hakulipata ila mzee wako anaweza kulipata, maana huwapata walioumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu. Kichwa kinamgonga ghafla, uso na shingo vinalowa jasho, presha inaruka. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa, choo kilichokwama, kidonda, hata ukucha uliozama. Mwili chini unaumia, taarifa haifiki kichwani, mishipa ya damu inajikaza. Mkalisheni wima haraka, legezeni nguo na mkanda, tazameni kama mpira wa mkojo umejikunja au mfuko umejaa. Hakutulia ndani ya dakika chache, mkimbizeni hospitali na mseme wazi kwamba ameumia uti wa mgongo shingoni, wasidhani ni presha ya wazee. Hii inaua. Mwulizeni daktari kabla hamjatoka kama shingo yake imeruhusiwa kukalishwa.

Mkojo: baba alifundishwa kujitoa mwenyewe kwa mpira mwembamba kila baada ya saa 4 hadi 6, mikono yake ilikuwa mizima. Wako itategemea vidole vina nguvu gani. Mkojo ukiwa na mawingu na harufu kali, au akapata homa, msingoje kesho. Choo kiwekeeni saa ileile kila siku, baada ya chai ya asubuhi, tumbo linasuguliwa kufuata mshale wa saa.

Kuhusu kutembea. Wiki ya kumi hivi, mguu wa baba ulirukaruka wenyewe kitandani. Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Tukauza shamba la nusu eka, mtaalamu mmoja wa tiba asilia akala zote kwa kumchua na kumfukiza. Baadaye mtu wa mazoezi akatueleza kwamba uti ulio chini ya jeraha bado unajirusha wenyewe bila amri ya kichwa, si dalili ya kupona. Wapo wanaorudisha nguvu, hasa ambao tangu mwanzo walibaki na hisia kidogo hadi njia ya haja kubwa, kwa hiyo mwulizeni daktari: jeraha ni kamili au si kamili, yaani chini yake hakuna kabisa hisia wala nguvu, au kumebaki kidogo? Jibu hilo lina thamani kuliko shamba letu.

Kuna ambalo hujauliza, na kwetu lilikuwa zito kuliko kidonda. Nani atamwogesha? Sisi watoto wake hatukuweza kumwona utupu, na yeye alikuwa anageuzia uso ukutani. Mama peke yake mgongo ulimwishia. Aliyetuokoa ni mwanangu wa kwanza, miaka 19, mjukuu wake. Alivaa utani kama kanzu. "Mume mwenzangu, mke wetu kanituma nikuogeshe, asije akakukimbia kwa jasho." Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu mnazini. Tafuteni kwenye ukoo wenu mtani wake, mjukuu au binamu. Msijifanye mashujaa.

Alipoweza kukaa, akadai apelekwe barazani nazi zinapohesabiwa. Huzigonga kwa ukucha, hutikisa, husema "koroma hii, rudisha." Wanunuzi walikuwa wanatupunja tangu aanguke. Hawatupunji tena.

Wiki hii usingoje siku ya kuruhusiwa. Nenda wodini, mwombe nesi akuache wewe umgeuze mzee na umhudumie mkojo huku yeye akikutazama, mpaka aseme sawa. Aje na ndugu mwingine ajifunze, ukiugua wewe je? Na kapime mlango wa chumba chake leo. Wetu ulikuwa na sentimita 66, kiti 64, na baba alichubuka vidole vya mikono miezi miwili ndipo tukaita fundi.