Maswali yenu kuhusu Mithali Raj

Tangu India wabebe Kombe la Dunia la kriketi la wanawake Novemba 2025 maswali yamekua mengi, na mengi yanamhusu Mithali Raj, nahodha wao wa zamani, ambaye hakucheza hata mpira mmoja kwenye mashindano yale. Haya, twende.

Ni kweli alikua mcheza dansi kabla ya kriketi?

Kweli kabisa. Alikua anajifunza bharatanatyam, dansi ya asili ya India, tangu mdogo, kriketi alipelekwa na baba yake, mwanajeshi wa anga, maana binti alikua anapenda sana kulala asubuhi na kaka yake tayari alikua anaenda mazoezini. Baadae ikabidi achague.

Alianza timu ya taifa lini?

Juni 1999, Milton Keynes kule Uingereza, dhidi ya Ireland. Ana miaka 16, mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya ova 50 (ova ni mipira sita), akapiga mikimbio 114, yaani pointi, na hakutolewa. Miaka 16 jamani!

Mbona watu wanamsifu sana wakati alikua anapiga taratibu?

Hili naliskia kila siku na linaniuma, maana rekodi yake ya ova 50 ni mechi 232, mikimbio 7,805, wastani unaozidi 50, na hakuna mwanamke aliyekua amefika 6,000 kabla yake, yeye ndo wa kwanza, Julai 2017. Ni kweli spidi yake ilikua kama mikimbio 66 kwa mipira 100, na kwa kriketi ya sasa hiyo ni ndogo, sikatai. Lakini angalia alikua anapiga na nani upande wa pili. Kwa miaka mingi yeye akitoka tu, timu nzima inaporomoka, sasa mtu wa hivyo unamwambia apige kwa nguvu kila mpira? Alikua anakaa kwenye krizi, pale mpigaji anaposimama, kwa sababu ilibidi mtu akae.

Na kama unataka kuona alichoweza akipewa muda, nenda Taunton 2002, mechi ya Test, ile ya siku kadhaa, dhidi ya England. Ana miaka 19, akakabili mipira 407, akapiga 214, rekodi ya dunia kwa wanawake wakati ule. Halafu unajua Test alizocheza maisha yake yote? 12. Kati ya 2006 na 2014 India hawakucheza hata moja, kisha baada ya 2014 wakakaa tena mpaka 2021. Miaka yake mizuri kabisa imeliwa hivyo, na hakuna wa kumrudishia.

Walikua wanalipwa vizuri?

Hapana. Yeye mwenyewe amewahi kusema kwamba Kombe la Dunia la 2005, ambalo walifika fainali, kila mchezaji alipata rupia 1,000 kwa mechi. Bodi kubwa ya kriketi ya India ilikua haijawachukua bado, ikawachukua 2006.

Fainali ya 2017 ilikuaje? Mimi naona nahodha ndo alituangusha.

Pole ndugu, najua bado inauma. Uwanja wa Lord's, London, dhidi ya England, India wanahitaji mikimbio 229, wako 191 na wametolewa watu watatu tu, mpigaji wao Punam Raut amefika 86. Halafu Anya Shrubsole, mrushaji wa England, akaanza kazi, wiketi saba zikaanguka (yaani wapigaji saba wakatolewa) kwa mikimbio 28, wakapoteza kwa 9. Mithali mwenyewe alishatoka mapema na 17 zake, ranauti, yaani alitolewa wakati wa kukimbia, akabaki anaangalia tu. Kumtwika yeye peke yake mzigo wote ule sio haki.

Kwa nini Harmanpreet, nahodha wa 2025, na wenzake walimpa kombe alishike wakati alishastaafu 2022?

Kwa sababu fainali mbili, 2005 na 2017, alikua nahodha na zote alitoka mikono mitupu. Walimpa yeye na wachezaji wengine wa zamani, Jhulan Goswami na Anjum Chopra, pale pale uwanjani Navi Mumbai. Nililia na sioni aibu kusema.

Nikitaka kuangalia mechi yake moja tu, niangalie ipi?

Derby, Julai 2017, dhidi ya New Zealand. Ukipoteza unarudi nyumbani. Alipiga 109, New Zealand wakatolewa wote kwa 79. Ukiangalia usifuate mpira, fuata mguu wake wa mbele anapopiga kavadraivu, pigo la kusukuma mpira mbele kwa pembeni, unavyotua mapema, bati halina haraka, na mpira unapita katikati ya watu wawili.