Shemeji Yangu ni wa Yankees: Namna ya Kuivuka Oktoba Bila Kuvunja Udugu

Usiku wa tarehe 30 Oktoba 2024 nilimpigia simu shemeji yangu wa Bronx, New York, kwa lengo moja tu: nimcheke. Nilikuwa nyumbani kwangu Lowell, Massachusetts, miguu juu ya meza, naangalia Yankees, timu ya besiboli ya New York, wakibomoka kama nyumba ya udongo wakati wa masika. Walikuwa wanaongoza 5-0. Ghafla Aaron Judge, nahodha wao, akaangusha mpira wa juu ambao mtoto wa shule angeudaka. Anthony Volpe naye akarusha ovyo. Kisha Gerrit Cole, mrushaji wao mkuu, badala ya kukimbia kwenda kufunika beisi ya kwanza (kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji) akabaki ananyoosha kidole. Ngwe moja hiyo hiyo (mechi ina ngwe tisa, kila timu ikipata zamu ya kupiga katika kila ngwe, na huongezwa ikiwa sare), Dodgers wa Los Angeles wakasawazisha. Mwisho wakashinda 7-6 na kubeba kombe la World Series, yaani fainali, katika uwanja wa Yankees wenyewe.

Simu ilipopokelewa nilianza kucheka kabla ya kusema hodi. Nilicheka vizuri sana, kile kicheko cha kuvuta pumzi na kurudia. Nikaja kusikia sauti ndogo: "Shikamoo Mjomba. Baba hataki kuongea." Nyuma yake kulikuwa na makelele ya watu wengi wakitembea. Kumbe walikuwa uwanjani. Shemeji alipiga zamu za ziada tangu Agosti ili ampeleke mwanawe kwenye fainali ya kwanza ya maisha yake, na mtoto wa miaka 9 alikuwa anateremka ngazi za Yankee Stadium huku analia, simu ya baba mkononi, na mjomba wake sikioni akicheka.

Shemeji hakusema nami mpaka Krismasi. Dada yangu ndiye aliyetupatanisha, na hata yeye alianza kwa kunisema mimi.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni ya mtu aliyeharibu kwanza. Najua wengi mnaosoma mko Dar, Nairobi au Muscat na besiboli mnaijua kwa kofia tu, ila wale mlioko huku mnaelewa: ukikaa New England au New York miaka mitatu, mchezo huu unakuingia mwilini bila ruhusa. Ligi ina mechi 162, tangu mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba, karibu kila siku. Inakuwa kama redio ya jikoni, iko tu. Kisha Oktoba inafika, zinabaki timu 12 za mtoano, na ile redio ya jikoni inageuka king'ora.

Mimi Red Sox (Soksi Nyekundu), timu ya Boston, nilipewa na mzee mmoja. Nilikuwa nafanya kazi ya kulea wazee, zamu ya usiku, na yeye alikuwa halali mpaka mechi iishe. Alikuwa anaandika kila mechi kwa penseli kwenye kadi ya miraba. Alinifundisha: mrushaji ni namba 1, mdakaji 2, na kuendelea mpaka 9, mpigaji akitolewa kwa kukosa mpira mara tatu unaandika K, akitolewa amesimama tu bila hata kupunga gongo, K hiyo unaigeuza iangalie nyuma. Nilipenda sana hiyo K ya kugeuka. Mtu ameaibika, na hata herufi inampa kisogo.

Kadi zake za zamani alizitunza kwenye boksi la viatu. Siku moja akanionyesha mbili. Ya kwanza ni ya tarehe 16 Oktoba 2003, mechi ya saba dhidi ya Yankees, mshindi anaenda World Series. Boston waliongoza 5-2 mpaka ngwe ya nane, kocha akamwacha Pedro Martínez aliyekwisha choka aendelee kurusha, Yankees wakasawazisha, na katika ngwe ya 11 Aaron Boone akaupiga mpira wa kwanza aliorushiwa ukavuka uzio, Boston wakafungwa. Kwenye kadi ya mzee, mraba wa Boone ni mweupe. Hakuandika kitu. Aliniambia kwa miaka mingi amekuwa akikataa kuujaza.

Ya pili ni ya mwaka uliofuata, timu zile zile. Yankees walikuwa wameshinda mechi tatu bila jibu, anayewahi nne anapita, ya tatu kwa 19-8, na katika historia ya ligi hiyo hakuna timu iliyowahi kurudi kutoka hapo. Mechi ya nne, ngwe ya tisa, Boston wako nyuma kwa pointi moja, anarusha Mariano Rivera, mrushaji wa Yankees wa kumalizia mechi. Dave Roberts akaingizwa akimbie badala ya mwenzake, kila mtu uwanjani akijua kilichomleta, na bado akaiba beisi ya pili, yaani akaikimbilia bila mpira kupigwa. Bill Mueller akampigia, Roberts akafika nyumbani, beisi ya mwisho inayotoa pointi. David Ortiz akamaliza kazi ngwe ya 12. Boston wakashinda hiyo na tatu zilizofuata, kisha kwenye fainali wakawafagia Cardinals mechi 4-0 na kupata kombe la kwanza tangu 1918. Miaka 86. Kwenye kadi, kile kimshale cha beisi ya Roberts mzee alikikandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka.

Nawaeleza hivi kwa sababu ushauri wangu wa kwanza uko kwenye kadi hizo mbili. Besiboli haina saa ya kumaliza mechi. Hakuna dakika ya 90, hakuna refa wa kuangalia mkono. Aliye nyuma hajafungwa mpaka mpigaji wake wa mwisho atolewe, na mtu anayetuma ujumbe wa kejeli kwenye ngwe ya saba anajichimbia shimo. Hata wachezaji hujisahau. Mwaka 2018, baada ya Yankees kushinda mechi ya pili pale Fenway, uwanja wa Boston, Judge alipita karibu na chumba cha Red Sox akiwa na spika inayopiga wimbo wa kuusifia mji wao. Mechi iliyofuata, New York, Boston walishinda 16-1. Kesho yake wakawatoa kabisa, na wimbo ule ule ukapigwa kwa sauti kubwa kwenye chumba cha Boston. Mzee alicheka hadi nikamletea maji.

Sasa suala la kushabikia timu nyingine yako ikishatoka. Hapa ndipo watu wengi tunajidanganya. Mzee alikuwa na sheria: timu ya pili ruksa, lakini iwe ya ligi ile nyingine (huku ziko mbili, na mabingwa wake ndio hucheza fainali), ambayo kwenye mtoano hamwezi kukutana mpaka fainali, na uichague Machi. Ukiichagua Oktoba huna timu, una chuki tu. Mimi Machi 2020 niliwachukua Dodgers, kwa sababu Mookie Betts, nyota wa Red Sox, alikuwa ameuzwa kwao Februari na sikuwa tayari kuacha kumtazama. Isitoshe kocha wao ni huyo huyo Dave Roberts wa kimshale. Na kocha wa Yankees ni nani? Aaron Boone, yule wa mraba mweupe. Fainali ya 2024 ilikuwa wanaume hao wawili, kila mmoja kwenye benchi lake. Mzee alikuwa ameshafariki. Ningelipa hela kuona angekaaje kwenye kiti chake usiku ule.

Kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini nikijiuliza kwa ukweli: Dodgers waliposhinda, nilimpigia nani? Namjua jamaa mmoja wa Tanga anaishi Los Angeles, shabiki wao wa kufa. Hata kumpongeza sikumkumbuka. Nilipiga Bronx.

Dada yangu aliponisema alitumia neno moja ambalo sikulitegemea. Alisema, "Huo siyo utani." Sisi kwetu ni Wapare, na yeye ameolewa na Mchaga, hivyo utani kwetu si wa mpira tu. Tumekua tunauona. Mtani anaweza kukutukana ubahili mbele za watu na usimguse. Anaweza kuja msibani akaruka kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyefika wa kwanza msibani, ndiye anayechota maji, na mtoto wa marehemu hamtanii. Watu wanaona matusi peke yake, hawaoni kwamba amebeba jembe. Mimi nilikuwa nimetoa matusi bila jembe.

Tulikaa Krismasi hiyo, mimi na shemeji, tukaandikiana masharti nyuma ya bahasha. Bado iko kwenye friji yake. Hakuna simu wala ujumbe mpaka mechi ya mwisho ya raundi iishe, siyo mechi moja moja. Aliyeshindwa ndiye anayepiga, kesho yake kabla ya saa sita mchana, ili kumtangulia mwenzake na kujimwagia maji baridi mwenyewe. Mtoto hataniwi na mtu mzima. Akianza mwenyewe, ruksa kumjibu kwa upole. Na timu zetu zikikutana, aliyeshindwa anasafiri kwenda kwa mshindi na anaosha vyombo siku nzima amevaa kofia ya adui.

Sharti la kwanza ndilo gumu, nawaambia. Mwisho wa Septemba 2025 tukakutana kweli, raundi ya kwanza, mechi tatu, zote Bronx. Ya kwanza tukashinda 3-1. Garrett Crochet, mrushaji wetu, aliwatoa wapigaji 11 kwa K. Nilikuwa nimeshika simu kama mtu anayeshika kaa la moto. Saa tano usiku nikatuma picha ya soksi moja nyekundu. Picha tu! Hakuna neno. Shemeji hakujibu. Kesho yake Jazz Chisholm wa Yankees akakimbia kutoka beisi ya kwanza mpaka nyumbani kwa pigo moja la Austin Wells, wakashinda 4-3. Keshokutwa wakatuletea kijana, Cam Schlittler, aliyekulia Walpole, mwendo mfupi tu kutoka Boston, kwenye nyumba zetu zenye bendera zetu. Akarusha ngwe nane, akatoa K 12, hatukupata hata pointi. 4-0. Baadaye alisema watu wa kwao Boston walivuka mstari kabla ya mechi, na akataka kuwanyamazisha. Nilisoma maneno hayo nikaikumbuka ile soksi yangu nikajiona mdogo.

Nikapiga saa nne asubuhi. Mtoto akapokea tena, sasa ana miaka 10. "Mjomba, sijakucheka," akasema, na nikasikia jinsi alivyokuwa anajizuia.

Mambo madogo kabla sijasahau, maana nimeulizwa. Mlioko Afrika Mashariki, mechi nyingi za usiku za Oktoba zinaanza huku saa mbili usiku, kwenu ni saa tisa alfajiri. Laleni mapema muamkie ngwe ya kwanza, msijaribu kukesha, maana kuna usiku mchezo hauishi. Mwaka 2018 Dodgers na Red Sox walicheza ngwe 18, kwa muda wa saa saba na dakika 20. Niliingia kazini asubuhi sijui jina langu. Mkienda uwanja wa mtani, vaeni kofia yenu, hakuna ubaya, ila kaeni mbali na wale wa sekta ya 203 pale Bronx, wanaoita jina la kila mchezaji mwanzoni mwa mechi mpaka awapungie mkono. Ni jambo zuri kulitazama, kwa mbali. Na usimpeleke mtoto kwenye mechi ya kufa na kupona iwe ndiyo mechi yake ya kwanza. Mpeleke Jumanne ya Mei, timu mbovu imekuja, mvua inatishia, ale soseji apate kujua pia kwamba kufungwa ni kitu cha kawaida cha Jumanne.

Deni nikalilipa wikendi ya pili ya Oktoba. Basi kutoka Boston, mwendo wa saa nne na nusu kwa foleni. Kufika, Yankees nao walikuwa wameshatolewa na Toronto, mechi tatu kwa moja. Shemeji akafungua mlango, tukatazamana, hakuna aliyesema neno. Kwa sharti la bahasha alitakiwa kunipigia kabla ya saa sita kwa kushindwa kwake na hakupiga, nikaamua kutolitaja. Dada alikuwa amepika pilau kwenye sufuria ile kubwa ya shughuli, ambayo najua aliichagua kwa makusudi kwa sababu ya ukoko wake. Nikavaa kofia ya bluu. Mtoto akaweka kiti karibu na sinki, akapanda, akaanza kufuta nilichoosha. Alikuwa ameleta kadi ya miraba na penseli. Nilikuwa nimemtumia pakiti nzima Januari.

"Mjomba," akaniuliza, "kama mtu anakubali adhabu bila kubisha, inaandikwa K ya kawaida au ya kugeuka?"

Nikamwambia ya kugeuka. Akaiandika, akainua kadi juu ili dada apige picha.