Muulize Wakili wa Rufaa: Hiyo Bei Inaishia Wapi?

Barua ya kumnyima mke wangu viza ya kuja kuishi nami Uingereza ilifika mwishoni mwa Aprili 2024. Yeye yuko Tanga, mimi Coventry. Sababu waliyoitoa ni kwamba mshahara wangu wa Oktoba ulioingia benki haukulingana na hati ya mshahara. Ni kweli. Mwajiri alikosea hesabu, sehemu ya fedha ikachelewa hadi mwezi uliofuata. Kwa kosa la karatasi kama hilo, mara nyingi ni nafuu kuomba upya. Lakini tarehe 11 ya mwezi uleule kipato cha mwaka anachotakiwa kuwa nacho mdhamini, yaani mimi, kilikuwa kimepandishwa kutoka pauni 18,600 hadi 29,000, nami sikufika huko. Ombi letu la Desemba bado lilipimwa kwa kiwango cha zamani. Ikabaki rufaa.

Ada ya serikali haikunitisha: pauni 140 ukitaka kesi isikilizwe mbele ya jaji, 80 ukitaka jaji aamue kwa kusoma karatasi tu. Kilichonikamua ni wakili. Nilitajiwa pauni 1,400 "za rufaa", nikasaini palepale, maana aliyekata rufaa akiwa nje ya Uingereza ana siku 28 tu, na aliye ndani ana 14. Siku sita kabla ya kesi nikapokea barua pepe: pauni 1,000 za wakili wa kusimama mbele ya jaji, ongeza VAT ya asilimia 20, zilipwe kabla ya siku yenyewe. Zile 1,400 nazo hazikuwa na VAT ndani. Nilimpigia dada mmoja wa kwenye mchezo wetu wa upatu, akaniachia zamu yake ya kupokea. Mungu ambariki, bila yeye ningeingia peke yangu.

Hawakuniibia. Mkataba ulisema hivyo, ukurasa wa tatu, sikuusoma. Ndiyo maana namwambia kila ndugu anayenipigia simu: ukitajiwa bei, usiulize kwanza kama itapungua. Uliza inaishia wapi. Je, kusimama siku ya kesi kumo? VAT imo? Kesi ikiahirishwa asubuhi ile, nalipa tena? Na swali ambalo watu hulisahau: Home Office, yaani wizara iliyotunyima viza, wakibadili uamuzi wao kabla ya kesi, fedha ya kusimama inarudi? Hilo hutokea. Ukishawasilisha ushahidi na hoja zako za maandishi, wao hutakiwa kuupitia upya uamuzi wao, na wakiona hawana la kujibu wanaweza kuuondoa bila wewe kuingia chumba cha jaji.

Kwa hiyo, kama fedha ni kidogo, mimi ningeiweka kwenye maandalizi kabla ya kuiweka kwenye usemaji. Siku ya kesi, Birmingham, wakili niliyemlipia kwa mkopo nilikutana naye kwenye korido dakika ishirini kabla ya kuitwa. Alikuwa amelisoma faili, alikuwa mzuri, sina malalamiko. Lakini jaji alipouliza habari ya Oktoba, jibu lilikuwa tayari kwenye maelezo yangu ya ushahidi, aya ya nne, na barua ya mwajiri ikifuatia nyuma yake. Mke wangu hakuwepo. Mwombaji akiwa nje, mdhamini ndiye anayeulizwa, hivyo maelezo yako wewe mdhamini yaandikwe kwa makini, kwa maneno yako, na uyasome mpaka uyajue.

Unaweza pia kuandaa faili mwenyewe, ukamlipa wakili wa siku ya kesi peke yake. Wapo mawakili wanaopokea kazi moja kwa moja kutoka kwa mteja. Mkalimani usimlipie: ukimwomba mapema, baraza la rufaa linamleta bure, na Kiswahili kipo. Msaada wa kisheria wa serikali kwa rufaa za familia kama yetu uliondolewa kwa sehemu kubwa mwaka 2013. Anayeomba hifadhi bado anaweza kuupata, na asitoe hata senti kabla ya kuuliza.

Jambo moja linaniuma. Kwenye jumuiya zetu yupo kaka "anayejua mambo ya fomu", anachukua pauni 300 mkononi, hatoi risiti. Nchini Uingereza kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai, na faili likiharibika ni vigumu kupata haki yako. Washauri wasio mawakili husajiliwa na taasisi ambayo tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority. Orodha yao iko wazi mtandaoni, tafuta jina kabla ya kutoa fedha. Wa kusimama mbele ya jaji awe wa ngazi ya 3. Anaweza kuwa mtu mwema sana kanisani au msikitini, lakini kama jina halimo, usimpe faili la mkeo.

Tulishinda. Jaji aliamuru turudishiwe zile pauni 140. Fedha za wakili hazirudi kwa kushinda tu, kwa hiyo usikope ukitegemea hukumu ikulipie deni. Mimi nililimaliza la mchezo miezi minne baadaye, mke wangu akiwa tayari ameshafika Coventry.