Fundi wa Matondoni Atie Saini?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni fundi wa mashua, Matondoni, Lamu. Nimebuni kasha la barafu linalokaa kati ya mataruma (mbavu za mashua), kuta zake ni mbao mbili na katikati nimeshindilia makumbi ya nazi. Wavuvi wamelipenda. Juzi alikuja mhadhiri na wanafunzi wake, wakapima, wakapiga picha. Sasa wanataka kurudi na kampuni ya Mombasa itakayotengeneza makasha hayo kwa wingi, nami nilipwe kuwaundia la mfano. Kijana wangu asema nitie saini haraka wasije wakaghairi. Waonaje?

JIBU: Marahaba, fundi. Leo usitie saini, wala usiwafukuze.

Kilichonishtua ni hapo uliposema "nilipwe". Kwa Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya 2001, uvumbuzi uliotokana na kazi ya kuagizwa ni wa aliyeagiza, ila mkataba useme vingine. Maana yake, ukiwa katika kazi yao ukabuni kifuniko bora zaidi, watadai ni chao, na wewe umeshalipwa ujira wako. Basi iandikwe: kasha lililokuwapo kabla yao ni lako, na mgao wa kitakachoongezwa ujulikane kabla msumeno haujagusa mbao. (Kijana mwambie kampuni isiyoweza kungoja wiki mbili haitangoja na malipo yako.)

Kisha nenda KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwandani. Hataza yao, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi, ni ya miaka 20, lakini wana pia cheti cha ubunifu mdogo, cha miaka 10, na hicho ndicho saizi yako: chataka kitu kipya kinachoweza kutengenezwa viwandani, basi. Mhadhiri naye azuie zile picha. Makala ikichapishwa kabla hujaomba, upya wa kasha unaingia shakani, na wahadhiri kuchapisha ndiko kunakowapandisha vyeo.

Lakini chuo unakihitaji. Wewe wajua barafu yadumu hadi asubuhi. Hujui makumbi yakilowa maji chumvi yatadumu miezi mingapi. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi, na maji yakishika nafasi yake kinga imekwisha. Wao wana vipimajoto vya kurekodi usiku na mchana, na subira ya kurudia jaribio lile lile. Kampuni ina mtaji na wateja.

Tena hapo Lamu mfano wa fundi na chuo kushirikiana mnao. Flipflopi, mashua ya plastiki taka iliyoshushwa majini 2018 na kufika Unguja 2019, iliundwa chini ya fundi Ali Skanda, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, wameshirikiana na mradi huo. Plastiki hupinda kuliko mti. Aliyejua mashua huelemewa wapi ni fundi.

SWALI: Nina hoteli Malindi. Kila mwaka napokea wanafunzi wa vyuo waje kujifunza kazi. Mimi nafaidika nini?

JIBU: Huenda unawaweka kaunta tu. Chagua tatizo moja, bili ya majokofu au maji ya kisima yenye chumvi, umwandikie msimamizi wao kabla hawajaja, na udai nakala ya ripoti. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, si mbali kwa matatu. Nenda mwenyewe, na uende kabla ya msimu wa wageni.