Laini mbili kwenye mnara mmoja ni laini moja

Juzi usiku dada mmoja wa Kasulu kaniandikia. Anataka kuja huku Mwamgongo kuanza biashara ya dagaa wa kuuza mikoani, na swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, huko mtandao upo? Ninunue kifaa gani?" Nikaanza kumjibu kwa mistari mitatu, mara nikaona nimejaza kurasa. Naweka hapa, maana najua mpo wengi mnaotaka nilichokitaka mimi: kufanya biashara na Dar es Salaam bila kuhama kwenu.

Mwamgongo si kisiwa, lakini maisha yetu ni ya kisiwani. Kusini tumepakana na Hifadhi ya Gombe, mgongoni milima, mbele Ziwa Tanganyika. Safari ya mjini ni boti hadi Kibirizi, bandari ya boti pale Kigoma mjini. Hiyo milima ndiyo adui wa kwanza wa mtandao. Mnara unaweza kuwa karibu kabisa, lakini ukishakaa nyuma ya kilima, kwako ni kama haupo.

Nilikuwa nimejiandaa, au niliamini hivyo. Nilikuwa na simu mbili na laini za kampuni mbili, nikijiambia moja ikilala nyingine itaamka. Masika moja, giza la mwezi limekuwa zuri, wavuvi wamerudi na dagaa wengi, nina viroba 38 vilivyokauka vizuri. Mteja wa Dar akasema: nitumie picha na bei ya mwisho kabla ya saa kumi jioni, gari langu linaondoka Kigoma kesho alfajiri. Saa nane mchana laini zote mbili zikafa kwa dakika moja. Nilipanda kilimani na simu mkononi. Huko juu nikanasa mtandao wa nchi jirani, salio lote likaliwa kabla picha haijafika nusu. Ujumbe ulipita saa tatu usiku. Akajibu: "Nimeshachukua kwa mwingine, pole." Usiku huohuo mvua ikanyesha, na turubai langu lilikuwa bovu. Asubuhi nilifungua kiroba cha kwanza nikakuta dagaa wameshikana kama unga uliomwagiwa maji. Ile pole mpaka leo naisikia.

Aliyenifumbua macho ni kijana aliyeshuka na madumu ya dizeli ya jenereta ya mnara. Akaniambia, "Mzee, laini zako zote zinapumulia hapahapa." Sikujua kwamba kampuni za simu hupanga kwenye mnara mmoja kama wapangaji kwenye nyumba moja. Jenereta ikizima, wote gizani. Nilikuwa nalipia vifurushi viwili na kupata usalama wa kimoja.

Kupima nilipata muda mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Wenzangu walilalamika, mimi nilizunguka kijiji kizima na simu. Zipo programu za bure zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi, pamoja na namba ya mnara unaokuhudumia. Ukiona -85 una mtandao mzuri. Ikishuka hadi -110 na zaidi utahangaika. Kwenye kona moja ya ufukwe, nje ya kivuli cha mlima, laini yangu ya pili ilishika mnara tofauti kabisa, mawimbi yakija juu ya maji bila kizuizi. Hapo ndipo niliposimamisha mlingoti, nikafunga antena ya nje na kuielekeza huko. Waya wa antena ufanye mfupi, maana kila mita inakula nguvu. Na ardhini zika waya wa radi, tafadhali.

Umeme nao. Ruta yangu, kile kifaa kinachobeba laini na kugawa intaneti, inakula wati 10 hivi, yaani wati-saa 240 kwa siku nzima. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba kama 1,200, lakini ukiipenda tumia nusu tu. Hizo 600 zinakuvusha siku mbili za mawingu. Ruta ya volti 12 iunganishe na betri moja kwa moja kupitia waya wake wenye fyuzi, kama maelezo yake yanaruhusu. Mimi nilipitisha kwenye inverta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, mwaka mzima, kumbe inverta yenyewe inakula hata isipofanya kazi ya maana.

Ndugu zangu wafanyabiashara, acheni kununua kasi. Nunueni uhakika. Mteja hajali picha yako ilipanda kwa sekunde mbili au ishirini, anajali kwamba ulijibu. Punguza ukubwa wa picha. Kwenye simu zima uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, chagua kampuni yako mwenyewe, ili nchi jirani isikumalizie salio. Malipo yapokee kwa menyu ya kubonyeza nyota, hiyo haihitaji intaneti. Na wanaokutamanisha na dishi la satelaiti, waulize kwanza kama huduma ina leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kisha uliza ni satelaiti gani: zile za mbali ziko kama kilomita 36,000 angani na mazungumzo yanachelewa, zile za chini ziko kama kilomita 550 tu.

Kaka zangu waliniambia nihamie Mwanga ya Kigoma mjini, nikapange chumba karibu na mtandao. Wiki iliyopita mnara wa hapa ulizima tangu asubuhi. Laini moja ikafa, ile ya ufukweni ikaendelea, na viroba 52 viliuzwa nikiwa nimekaa kwenye mchanga wa nyumbani kwetu.

Kwa hiyo dada yangu wa Kasulu, usinunue kifaa chochote bado. Panda boti na simu moja na laini za kampuni tatu, ulale huku siku mbili, upime asubuhi, mchana na usiku mahali unapotaka kuweka ghala. Mnara ukizimika ukiwa hapa, shukuru, kisha andika ni laini ipi imebaki.