Udadisi na njia ya ukatili katika gemu

Waalaykumu salaam, dada yangu wa Wete. Umeuliza kwa nini mwanao, mpole kwa kila mtu nyumbani, aliimaliza gemu ya Undertale kwa wema, bila kumuua yeyote, kisha akaianza upya ili amuue kila kiumbe, na kama hiyo ni dalili ya roho mbaya.

Mimi naona kinachomvuta ni udadisi, si chuki. Mchezaji aliyekwisha kuuona mwisho mmoja anajua kwamba upo mwingine uliofichwa, na hatulii mpaka aufikie. Gemu hiyo, iliyotoka mwaka 2015, imeundwa makusudi kumhoji mtu wa aina hiyo: njia ya mauaji humlazimu azunguke kila eneo akiwatafuta waliobaki, mpaka muziki upungue kasi na maandishi yamwambie kuwa hakuna aliyekuja kupigana naye. Akifika Snowdin, mji uliomo ndani ya gemu, huukuta karibu mtupu, na dukani, badala ya muuzaji, ipo barua fupi inayomwomba asiidhuru familia ya muuzaji huyo. Hata Flowey, lile ua linalosema, hukiri kuwa naye alianza kuua kwa kutaka tu kujua kitakachotokea.

Hapa Michenzani nimewaona vijana wakiiacha njia hiyo katikati, kwa kuwa inachosha na inahuzunisha. Kwa hiyo usimkemee, dada. Kaa naye, umuulize alihisi nini alipoisoma barua ile. Jibu lake litakueleza mengi kuliko uchaguzi wenyewe.