Mche wa mkrismasi na kiangazi chake cha kwanza

Mche wangu wa kwanza wa mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, ulikufa mwezi wa tisa, hapa Nzuguni, Dodoma. Niliumia sana, maana niliumwagilia jagi moja kila jioni bila kukosa. Nilipoung'oa nikaelewa: mizizi ilikuwa imejizungusha kama ngata, na umbo lake lilikuwa lile lile la kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche. Hakuna hata mmoja ulioshuka chini. Mche ulikuwa umekaa kitaluni muda mrefu mno kabla sijaununua, na jagi langu lililowesha udongo wa juu tu, kwa hiyo mizizi ikabaki huko huko juu. Upepo wa Agosti ulipoukausha udongo ule, ikawa basi.

Siku hizi naotesha mwenyewe. Mbegu za mkrismasi zina ganda gumu, ukizifukia hivi hivi utasubiri sana. Chemsha maji, yaepue, zitumbukize mbegu, ziache mpaka asubuhi. Zilizovimba zipande kwenye kiriba. Zisizovimba zikwangue kidogo kwa msasa, uziloweke tena.

Kupanda shambani subiri mvua za Desemba ziloweshe ardhi vizuri. Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo wa juu weka kando, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Chana kiriba chote ukitoe, na mizizi iliyojizungusha ikate kwa wembe bila huruma. Mche ukae mbali na ukuta, angalau mita 6, kwa sababu mizizi ya mti huu ukikua hutambaa juu juu na kupasua sakafu.

Halafu maji, na hapa ndipo miche mingi ya Dodoma inapopotea. Mvua zikikata Februari, usingoje majani yanyauke. Mimi natoa dumu la lita 10 mara mbili kwa wiki, nalimimina taratibu ndani ya kisahani, yaani kibonde cha udongo kilichozunguka shina, mpaka udongo ukatae kunywa. Maji yakishuka, mizizi nayo inayafuata. Najua maji tunanunua. Ya kuoshea mboga na mchele yanafaa kabisa. Tandaza nyasi kavu juu ya kisahani, ila ziache nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina, la sivyo mchwa watalifikia kwa kujificha humo. Zungushia miiba ya migunga. Mbuzi mmoja wa jirani anamaliza kazi ya mwaka mzima kwa dakika tano.

Jirani yangu mmoja alitaka kuung'oa wa kwake mwezi wa kumi kwa kuwa ulipukutisha majani yote. Nikamwambia, "Mama, subiri kwanza." Nikakwangua gome kwa ukucha, kidogo tu, karibu na chini. Ndani palikuwa kijani, pana unyevu. Mkrismasi hupukutisha majani wakati wa kiangazi, ndivyo ulivyo. Ukikwangua ukakuta kahawia na pakavu, shuka chini zaidi ukwangue tena. Mara nyingi ncha imekufa lakini shina lina uhai, na litachipua.

Ule wa pili niliopanda ulitoa maua mwaka wa sita. Wa mama jirani sasa umempita kimo, na bado anaupelekea dumu lake Jumatano na Jumapili.